Iowa Ikienda Bakuli: Tuombe Mpinzani Gani?

Kila mwaka Iowa, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, inapofikisha ushindi wa sita, ubishi ule ule unarudi Iowa City, Coralville, Cedar Rapids na Des Moines. Siku hizi unabishwa kwa Kiswahili pia, maana familia za Kikongo ni nyingi katika miji hiyo na watoto wao wamekulia ndani ya rangi nyeusi na dhahabu: mwaka huu kwenye bakuli tukutane na nani? Huyu anataka jina kubwa, ushindi wake usimuliwe hadi kiangazi. Yule anataka timu inayofungika. Wa tatu hataki kusikia jingine ila Missouri, jirani wa kusini. Kila mmoja ana hoja, lakini hoja hizo hazilingani uzito, na moja kati yake huvunjika ukiishika tu.

Neno bakuli halihitaji kamusi. Viwanja vya kwanza vya aina hiyo vilijengwa vikiwa vimezama katikati na kingo zimeinuka, Yale Bowl mwaka 1914 na Rose Bowl wa Pasadena mwaka 1922, na jina la bakuli likahama kutoka uwanja likaingia kwenye mechi. Si bakuli la kupitisha mchango, ingawa wanaokusanya fedha hawakosekani. Timu ya chuo inacheza mechi 12 za msimu. Ikishinda 6 inastahili mwaliko wa mechi moja zaidi, dhidi ya timu ya ligi nyingine, katika mji wa mbali, kati ya katikati ya Desemba na siku za kwanza za Januari.

Tangu msimu wa 2024 timu 12 huingia kwenye mchujo wa ubingwa, na mabakuli sita makubwa (Rose, Sugar, Orange, Cotton, Fiesta na Peach) yamekuwa robo fainali na nusu fainali za mchujo huo. Anayetamani Rose Bowl bila kuingia mchujo anatamani mpango ambao haupo tena. Iowa ikibaki nje, meza ya Big Ten, ligi ya Iowa, ina miji inayojulikana: Orlando kwa Citrus Bowl, Tampa kwa ReliaQuest Bowl (zamani Outback), Nashville kwa Music City Bowl, zote tatu mpinzani akitoka SEC, ligi ya vyuo vya kusini. Kuna pia New York dhidi ya timu ya ligi ya ACC, Phoenix dhidi ya timu ya ligi ya Big 12, na nyingine. Ugomvi wa kweli uko kwenye ile mitatu ya kwanza, kwa hiyo ulinganisho huu unakaa huko zaidi.

Shabiki hachagui, hilo lieleweke. Kamati ya kila bakuli inachagua kwa kushauriana na ligi na televisheni, na inatazama mambo matatu: timu ina rekodi gani, mashabiki wake wanasafiri kwa wingi kiasi gani, na je, mechi hiyo au mji huo haujarudiwa karibuni. La pili ndilo ambalo shabiki anaweza kulisukuma. Tiketi iliyonunuliwa kupitia ofisi ya tiketi ya chuo inahesabiwa upande wa Iowa. Ile ya soko la pili haionekani popote kama ya Iowa. Connecticut ilijifunza uchungu wa upande wa pili wa hesabu hiyo: ilipokwenda Fiesta Bowl ya Januari 2011 ililazimika kuchukua tiketi 17,500, ikauza sehemu ndogo tu, na hasara ikabaki chuoni.

Jina kwenye jezi si timu itakayoshuka uwanjani

Kabla ya kulinganisha wapinzani, angalia Kentucky. Tarehe 1 Januari 2022, Orlando, Kentucky iliifunga Iowa 20–17. Mpokeaji Wan'Dale Robinson alikamata pasi 10 kwa yadi 170, na mkimbiaji Chris Rodriguez akaingiza tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja) ya ushindi zikiwa zimebaki chini ya dakika 2. Miezi 12 baadaye, tarehe 31 Desemba 2022, timu hizo hizo zikakutana Nashville. Iowa 21, Kentucky 0.

Kilichobadilika si bendera. Robinson alikuwa ameshakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Kwotabeki Will Levis, yaani kiongozi wa mashambulizi anayerusha pasi, na Rodriguez walijiondoa ili kujiandaa na drafti, uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL. Mratibu wa mashambulizi alikuwa amefukuzwa. Kentucky ikamwanzisha Destin Wade, kijana wa mwaka wa kwanza. Iowa nayo haikuwa salama: kwotabeki wake Spencer Petras alikuwa majeruhi, Alex Padilla ameondoka, na Joe Labas akaanza kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya chuo. Lakini mashambulizi mabovu ya Iowa yalikuwa na safu ya ulinzi nyuma yake, na safu hiyo ikafunga yenyewe: Xavier Nwankpa na Cooper DeJean walinasa pasi na kukimbia nazo hadi mwisho. Pointi 14 kati ya 21 zilitoka kwa walinzi.

Kwa hiyo swali la "tunamtaka nani" lina maana ukishajua nani ataondoka. Kujiondoa kulianza kuwa desturi Desemba 2016, Leonard Fournette wa LSU na Christian McCaffrey wa Stanford walipokataa kucheza. Hofu yao ilikuwa na sababu: mwanzoni mwa mwaka huo huo Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti vibaya kwenye Fiesta Bowl na kuporomoka katika drafti. Halafu likaja dirisha la uhamisho. Hadi msimu wa 2024 lilifunguliwa Desemba, kabla ya mechi nyingi za bakuli, na wachezaji wakawa wanaondoka mazoezi yakiendelea. Kwa msimu wa 2025 lilisogezwa hadi tarehe 2 Januari 2026, jambo linalopunguza pengo kwa mechi za Desemba bila kuliziba. Kocha akihama, wachezaji wake hawasubiri tarehe.

Hii hapa rekodi ya Iowa dhidi ya aina mbalimbali za wapinzani. Pointi za Iowa zimetangulia.

| Mpinzani | Lini, wapi | Matokeo | Kilichoamua |
|---|---|---|---|
| Georgia Tech | 5 Jan 2010, Miami | 24–14 | Siku 45 za kujiandaa |
| Missouri | 28 Des 2010, Tempe | 27–24 | Pasi moja iliyonaswa |
| Mississippi State | 1 Jan 2019, Tampa | 27–22 | Makosa ya mpinzani |
| USC | 27 Des 2019, San Diego | 49–24 | Kasi ya mtu mmoja |
| Kentucky | 1 Jan 2022, Orlando | 17–20 | Pasi 3 za Iowa zilizonaswa |
| Kentucky | 31 Des 2022, Nashville | 21–0 | Waliojiondoa |
| Tennessee | 1 Jan 2024, Orlando | 0–35 | Kwotabeki mpya |
| Missouri | 30 Des 2024, Nashville | 24–27 | Teke la yadi 56 |

Jitu lenye kidonda

Hoja inayopendwa ni hii: omba timu kubwa ya SEC iliyokosa mchujo. Imekasirika, imevunjika moyo, nyota wake wamejiondoa, na jina lake bado linang'aa. Ukiifunga, kitabu cha rekodi hakiandiki nani alikosekana.

Iowa ilipewa jitu la namna hiyo tarehe 1 Januari 2024. Tennessee ilifika Orlando bila kwotabeki wake Joe Milton na bila wakimbiaji wake wakuu Jaylen Wright na Jabari Small. Mashabiki wa Iowa waliposoma majina hayo walidhani mlango umefunguliwa. Ikawa 35–0.

Sababu ya kwanza ni kwotabeki. Video za msimu mzima zilikuwa za Milton, mwenye mkono mkubwa na miguu ya kawaida. Aliyeanza ni Nico Iamaleava, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye Tennessee ilimleta kwa matarajio makubwa kuliko yule aliyeondoka. Alikimbia na kuingiza tachidauni 3 mwenyewe na kurusha 1. Ukisikia kwotabeki wa timu kubwa kajiondoa, usishangilie kabla hujamtazama anayemfuata. Kwenye timu ya katikati, nambari mbili ni nambari mbili kweli. Kwenye timu kubwa, nambari mbili mara nyingi ni mrithi anayesubiri mlango ufunguliwe, na safari hii hakuna mkanda wa kumsoma.

Sababu ya pili ni mwendo. Tennessee ya Josh Heupel hutawanya wapokeaji karibu na mistari ya pembeni na kuanzisha mchezo haraka, kabla walinzi hawajabadilishana au kupokea maelekezo. Ulinzi wa Phil Parker, ambaye ameuongoza tangu 2012, umejengwa juu ya subira: linda eneo, mpira ubaki mbele yako, mpe mpinzani yadi 5 mara kumi hadi akosee. Subira hiyo inahitaji pumzi, na pumzi inahitaji mashambulizi ya Iowa yakae na mpira angalau dakika nne tano kwa zamu. Yale ya 2023 hayakuweza. Timu hiyo ilishinda mechi 10 kwa matokeo kama 15–6, 10–7, 15–13 na 13–10, kisha ikafungwa 26–0 na Michigan katika fainali ya Big Ten. Timu ya namna hiyo ikitanguliwa kwa pointi 14, mechi imekwisha. Ikilazimika kurusha pasi ili kufukuzia, inatoa zawadi: James Pearce wa Tennessee alinasa pasi na kukimbia nayo yadi 52 hadi mwisho.

(Siku hiyo hiyo Tory Taylor, Mwaustralia aliyekuwa akipiga mateke ya kukabidhi mpira, alivunja rekodi ya yadi nyingi zaidi kwa msimu mmoja, 4,479. Rekodi tamu na chungu. Mtu hupata nafasi ya kuvunja rekodi ya mateke hayo pale wenzake wanaposhindwa kusonga.)

Anayependa jitu hukumbusha Orange Bowl ya Desemba 2023, Florida State iliyoachwa nje ya mchujo bila kupoteza mechi, ikashuka uwanjani bila wachezaji wake wengi, ikafungwa 63–3 na Georgia, pengo kubwa kuliko yote katika historia ya mabakuli. Si kweli kwamba jitu lenye kidonda linafungika, basi? Linafungika, na jitu jingine. Georgia nayo iliwakosa watu wake wazito, na waliokaa benchi wakaingia bila kuonekana tofauti. Iowa haina benchi la Georgia. Isitoshe, jitu siku hizi linaweza kukataa kuja kabisa, kama Notre Dame ilivyofanya Desemba 2025 ilipoachwa nje ya mchujo.

Hukumu: jitu liombe kwa sharti moja tu, kwamba kwotabeki wake yule yule wa msimu mzima anacheza na waliojiondoa ni wa safu za mbele. Hapo una mkanda wa kumsoma mwenye mpira, na una mahali pa kumsukuma. Kinyume chake, safu za mbele zikiwa kamili na kwotabeki akiwa mpya mwenye kipaji, kataa hata kama jina linavutia.

Timu ya katikati ya SEC

Huyu ndiye mpinzani asiyeuza fulana. Mississippi State, Kentucky, na wenzao wenye ushindi 7 au 8. Mashabiki wa Iowa hupiga miayo wanapotangaziwa. Wasipige.

Outback Bowl ya Januari 2019 ni somo zuri kwa sababu ni mechi mbaya. Mississippi State ilikuwa na Montez Sweat na Jeffery Simmons kwenye safu ya mbele ya ulinzi, wote wawili wakachukuliwa raundi ya kwanza ya drafti miezi minne baadaye. Iowa ilijaribu kukimbia na mpira ikaishia na yadi 15 chini ya sifuri. Chini ya sifuri, kwa mechi nzima! Noah Fant wa Iowa alikuwa amejiondoa. Bado Iowa ikashinda 27–22: kwotabeki Nate Stanley alirusha tachidauni 3, mbili kwa Nick Easley ikiwemo ya yadi 75, na mpinzani akapoteza mpira mara 3.

Timu za katikati hufungwa na Iowa kwa njia hiyo kwa sababu mashambulizi yao hayana uvumilivu. Kwotabeki wa timu ya ushindi 7 amekuwa akiishi kwa mchezo mmoja mkubwa kwa kila robo. Ulinzi wa maeneo unamnyima mchezo huo, unampa pasi fupi, na kufikia robo ya tatu anaanza kulazimisha. Pasi inayolazimishwa ndani ya eneo lenye macho manne ni chakula cha Iowa. Kentucky ya Desemba 2022 iliponaswa mara mbili na kufungwa kwa hizo hizo, haikuwa bahati. Mpango ulikuwa ule ule, ila kijana aliyerusha hakuwa amewahi kuuona.

Kasoro yake? Timu hizi nazo zinacheza taratibu, zinalinda vizuri, na mechi inabaki wazi hadi dakika za mwisho. Hapo kosa moja la Iowa ni mechi nzima. Januari 2022 Petras alinaswa pasi 3, ya mwisho ikizima kabisa matumaini. Mkimbiaji bora wa Iowa, Tyler Goodson, alikuwa amejiondoa. Ukimwomba mpinzani wa aina hii, hakikisha kwanza Iowa yenyewe haijapoteza mkimbiaji na kwotabeki kwa pamoja. Mmoja anavumilika.

Missouri, jirani

Kwa moyo, huyu hana mfano. Majimbo yanapakana, na Columbia iko karibu kiasi cha shabiki kwenda na kurudi siku moja, ingawa vyuo hivi viwili havikutani kwenye ratiba ya kawaida. Mara mbili katika miaka ya karibuni bakuli limewakutanisha, na mara zote mbili ikawa 27–24, kila mmoja na yake.

Mwaka 2010, Tempe, Blaine Gabbert wa Missouri alirusha yadi 434 na akapoteza. Pasi moja kati ya hizo aliidaka Micah Hyde wa Iowa, akazunguka uwanja, akakimbia yadi 72 hadi mwisho. Marcus Coker wa Iowa, mwaka wa kwanza, alibeba mpira kwa yadi 219. Mwaka 2024, Nashville, kila upande ulimkosa mtu wake mkuu: Iowa bila Kaleb Johnson, aliyekuwa na yadi zaidi ya 1,500 na tachidauni 21 za kukimbia msimu huo, na Missouri bila mpokeaji Luther Burden. Iowa iliongoza. Kisha mpigaji Blake Craig akafunga kwa mguu kutoka mbali mara mbili, la mwisho la yadi 56, na Iowa ikakwama kwenye jaribio la nne, la mwisho, ikihitaji yadi 1.

Yadi 1 hiyo ndiyo inayoonyesha bei ya kumkosa mkimbiaji. Wachambuzi wengi huhesabu aliyejiondoa kwa yadi za msimu. Hesabu bora ni kujiuliza nani atabeba mpira kwenye jaribio la nne, yadi moja, kila mtu uwanjani akijua unakwenda wapi. Missouri ya kumpoteza Burden ilipoteza mchezo mkubwa wa mara moja moja. Iowa ya kumpoteza Johnson ilipoteza kitu inachokitumia kila zamu. Idadi ni sawa, mmoja kwa mmoja, lakini hasara haikuwa sawa.

Ukimtaka Missouri kwa ajili ya kelele na umbali mfupi, uko sahihi. Ukimtaka kwa kuwa unadhani ni rahisi, hizo mbili za 27–24 zisome tena.

Timu ya opsheni

Kila Desemba hatokosekana mtu wa kusema: tupewe Navy au Army, timu za vyuo vya jeshi zinazocheza opsheni, hawana watu wakubwa. Mpango wa mabakuli ya Big Ten haumpi nafasi kubwa ya kupata anachotaka, na Georgia Tech, iliyocheza opsheni pia, iliacha mfumo huo baada ya msimu wa 2018. Lakini kwa kuwa hoja haifi, ichunguzwe.

Opsheni ya watatu inafanya kazi hivi. Kwotabeki anaweka mpira tumboni mwa mkimbiaji wa kati huku akimtazama mlinzi mmoja aliyeachwa kwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi huyo akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anauvuta mpira na kukimbia nje. Huko anakutana na mlinzi wa pili, naye ameachwa makusudi. Akimrukia kwotabeki, mpira unatupwa kwa mkimbiaji wa pembeni. Dawa inajulikana: mtu mmoja ni wa mkimbiaji wa kati, mmoja wa kwotabeki, mmoja wa yule wa pembeni, na hakuna anayeruhusiwa kufuata mpira. Ugumu ni kwamba mlinzi amefundishwa tangu utotoni kufuata mpira. Pia wazuiaji wao hushambulia chini, magotini, na vijana wa mazoezini hawawezi kuigiza kasi hiyo kwa siku tatu za wiki ya kawaida.

Bakuli huleta wiki badala ya siku. Iowa ilimaliza msimu wa 2009 tarehe 21 Novemba na kucheza Orange Bowl tarehe 5 Januari, siku 45. Georgia Tech, mabingwa wa ACC, wakapata yadi 155 tu usiku kucha. Moja ya tachidauni zao mbili ililetwa na ulinzi wao. Adrian Clayborn wa Iowa alikaa kwenye eneo lake na kuiharibu opsheni. Hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote za upande huu.

Muda peke yake hautoshi, hata hivyo. Missouri nayo ilikuwa na takriban mwezi kabla ya Texas Bowl ya 2009, na Navy ikaifunga 35–13. Oklahoma ikafungwa 21–20 na Navy Desemba 2024. Houston ilifungwa 70–14 na Army mwaka 2018, bila nyota wa safu yake ya mbele. Wanaosoma vyuo vya jeshi hawajiondoi kwenda NFL na hawahami kwa wingi, kwa hiyo wao wanakuja kamili, na wewe unakuja na matundu. Halafu kuna saa: timu ya opsheni inakaa na mpira muda mrefu, na Iowa nayo inapenda kukaa. Mechi inaweza kuisha kila upande umepata zamu saba au nane tu. Kwenye mechi fupi hivyo timu dhaifu ina nafasi kubwa zaidi, na aliye na la kupoteza ni wewe.

Mgeni wa mbali

USC ya 2019, chuo cha California, ni mfano mzuri wa mpinzani ambaye ni raha tupu: jina kubwa, San Diego yenye jua, na Iowa 49–24. Ihmir Smith-Marsette alifunga kwa kukimbia, kwa kupokea pasi, na kwa kurudisha teke la kuanzishia mchezo upya yadi 98. Lakini tangu 2024 USC iko Big Ten, pamoja na UCLA, Oregon na Washington, na mlango huo umefungwa. Kumkumbuka si vibaya.

Mpinzani yule yule, mji mwingine

Nashville ni mji wa nyumbani wa Vanderbilt, na Knoxville ya Tennessee na Lexington ya Kentucky ziko mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Kumwomba Tennessee au Kentucky Nashville ni kuomba mechi ya ugenini. Kumwomba Orlando ni jambo tofauti, maana wote wamesafiri. Tampa, mwenye nyumba ni Florida, kutoka mji wake Gainesville saa mbili. Iowa ilifungwa na Florida pale 31–24 mwaka 2006 na 30–3 mwaka 2017, ingawa iliwahi kuishinda 37–17 mwaka 2004.

Kutoka Iowa City, Nashville ni kama saa 9 za kuendesha, na Tampa karibu saa 20. Familia ya watu watano inayokwenda kwa gari ina jibu lake tayari. Missouri au Mississippi State, Nashville: uwanja utagawanyika katikati. Ukiondoa bei ya petroli na kupima mechi tu, chaguo letu ni timu ya katikati ya SEC isiyotoka Florida, Tampa.

Cha kutazama baada ya tangazo

Mwaliko hutoka Jumapili inayofuata fainali za ligi, mwanzoni mwa Desemba. Wiki ya kwanza usihesabu majina yaliyojiondoa kwa jumla, yagawe. Anza na safu ya mbele ya mashambulizi ya mpinzani: akikosa wawili kati ya watano, hasa mzuiaji anayemkinga kwotabeki upande wa kushoto, mpe Iowa faida hata kama nyota wote wengine wapo. Utah iliifunga Alabama 31–17 kwenye Sugar Bowl ya Januari 2009 siku ambayo Andre Smith, mzuiaji huyo wa kushoto, alikuwa amesimamishwa, na kwotabeki wa Alabama hakupata pumziko.

Kisha nenda kwa kwotabeki, na kama ni mpya tafuta amecheza mara ngapi. Mchezaji wa mwaka wa kwanza anaweza kucheza hadi mechi 4 bila mwaka huo kuhesabiwa katika miaka yake ya kuruhusiwa kucheza, kwa hiyo mara nyingi kuna dakika chache za mkanda zimejificha mwishoni mwa mechi zilizokwisha amuliwa. Zitafute hizo. Baada ya hapo uliza nani anaita michezo. Mratibu akihama, mbadala wake wa muda hupunguza kitabu cha michezo na kurudia anachokiamini, jambo linaloufaa ulinzi unaosubiri. Wachache hutazama mpigaji mateke, lakini Missouri ilishinda kwa mguu.

Chumba kiwekwe mapema, kabla ya tangazo, Nashville na Tampa zote mbili, kwa bei inayorudishwa. Futa kimoja Jumapili jioni. Tiketi nunua ofisi ya chuo kama unataka kamati ikuhesabu mwakani. Kama unatafuta bei tu, soko la pili huwa linalegea wiki ya mwisho pale mpinzani anapotoka mbali. Mpinzani akiwa Vanderbilt Nashville au Florida Tampa, usisubiri: wenyeji watanunua usiku ule ule.